Buti la Kushoto

Fundi viatu aliitwa nyumbani Jumatatu saa nne asubuhi, na alipoona mkewe ametandaza kile kitambaa cheupe mezani, alisimama mlangoni. Kitambaa kile kilikuwa cha wageni wa heshima, na tangu mwaka jana wageni wao wa heshima walikuwa wa aina moja tu, watu wa jeshi. Mara ya kwanza walikuja wawili na barua. Mara ya pili walikuja na sanduku. Leo alikuja mmoja, sajini, kijana mwenye masikio makubwa na adabu zake, ameketi ukingoni mwa kiti na kofia magotini, chai hajaigusa.

"Shikamoo, mzee," sajini alisema akisimama.

"Marahaba. Kaa, baba. Kaa."

Safari hii habari haikuwa mbaya, au ndivyo sajini alivyodhani. Jumamosi ungetimia mwaka mmoja tangu kikosi chao kishambuliwe kule mtoni. Kambini walikuwa wametenga chumba cha ukumbusho na kuweka kabati la vioo, na kila familia iliyopoteza kijana ilikuwa inaombwa kitu kimoja cha marehemu. Mmoja ameletewa saa yake, mwingine filimbi, mwingine daftari. Kwa kijana wa nyumba hii mkuu wa kambi alikuwa na ombi maalumu. Aliomba mabuti.

"Kule tulimwita Mstari," sajini alieleza. "Kwa ule mwendo wake, mama. Kwenye gwaride tulikuwa tunaambiwa tumtazame yeye. Sasa wakuruta wapya wataonyeshwa mabuti yake, waambiwe mwenye haya alitembea siku nane na mzigo mgongoni, na hakutoka kwenye safu hata mara moja."

Mama alicheka. Fundi hakuwa amelisikia cheko lile kwa muda mrefu, na lilimpendeza na kumtia hofu kwa pamoja.

"Mstari," mama alirudia. "Na hapa mtaani walimwita Chopi."

Sajini hakuelewa. Mama akamweleza kwamba mwanawe alizaliwa na mguu wa kushoto uliopungua urefu, akainua vidole viwili kuonyesha ulipungua kiasi gani. Alikwenda chopi tangu alipoanza kutembea, na watoto wa watu hawakumwacha apumue. Sajini alitazama vile vidole viwili, akamtazama fundi, akarudi kwa mama.

"Huyu huyu Mstari?"

"Huyo huyo. Mimi nafanya kazi chumba cha kufulia, hospitali. Kabla hajaenda kujiandikisha nilimuuliza daktari wetu, akaniambia mguu wa namna hiyo jeshi halichukui. Haiwezekani kabisa. Akaenda, daktari wenu akampima, akapita. Sasa niambie, mwanangu, nani alimpitisha kama si Mungu? Alimnyoosha mwenyewe kwa sababu alikuwa anamtaka."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yamemweka mama yule wima mwaka mzima. Aliyasema msibani, aliyasema kazini huku akikunja mashuka, aliwaambia hata watu waliosimama naye foleni. Mtu akimpa pole alipewa yeye hadithi ya mguu, na aliondoka amefarijika kuliko alivyokuja. Mumewe kila mara aliyasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na watu walisema maskini, mzee yule majonzi yamemkaba koo. Waliposema majonzi hawakukosea sana.

Sajini alikunywa chai kidogo, akaitua. Kisha, kama mtu aliyebeba kitu muda mrefu na sasa kaona mahali pa kukiweka, akasema mwenyewe bila kuulizwa.

"Siku ile sijui alipatwa na nini. Tulikuwa tunaoga mtoni, mabuti tumeyapanga ukingoni. Mzinga wa kwanza ulipoanguka tulitoka wote mbio kwenda kwenye handaki. Si mbali, kama kutoka hapa mpaka barabarani. Kwenye mbio mimi sijawahi kumpita. Siku zote nilikuwa nauona mgongo wake. Siku ile nilimpita, mama. Nilifika, nikageuka, nikaona yuko nyuma peke yake."

"Saa yake ilikuwa imefika," mama alimwambia kwa upole, akamgusa bega.

Fundi aliomba radhi, akatoka uani. Alishika ukuta kwa mikono yote miwili. Ndani ya nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyejua kilichompata Mstari siku ile. Alikuwa peku.

*

Kisa chenyewe kilikuwa cha kiufundi, na fundi alikifanya kwa raha zote.

Kijana alimjia kibandani jioni moja, akakaa kwenye kigoda cha wateja kama mteja. Alimwambia baba, nimechoka kuitwa Chopi, nataka kwenda mahali ambako hakuna anayenijua. Fundi alipima ule mguu kama anavyopima miguu ya watu. Alichonga koki, ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa, tabaka tatu, nene kisiginoni na nyembamba ikielekea vidoleni, akaifunika kwa ngozi laini ya ndama, ikawa soli ya ndani inayoingia katika kiatu chochote bila kuonekana. Kisha kwa wiki tatu, mama akiwa kazini, alimfundisha mwanawe uani jinsi ya kusimama peku mbele ya daktari. Goti la kulia alikunje kidogo tu, kiuno kikae sawa, mabega yasicheze. Walicheka sana siku zile. Baba na mwana hawakuwahi kuwa karibu kama katika zile wiki tatu za udanganyifu.

Daktari wa usaili alikuwa mmoja kwa vijana mia tatu. Aliwapitia wakiwa wamesimama mstari, akawaangalia meno, macho na kifua. Mengine yote yalipimwa kwa kukimbia uwanjani, na uwanjani walikimbia na viatu vyao.

Fundi alingoja siku nzuri ya kumwambia mkewe. Siku ya kwanza baada ya kijana kupita mke alilia, siku ya pili alianza kusema ni Mungu, na baada ya hapo hakukuwa tena na siku nzuri. Halafu ikaja barua. Mwili ulizikwa huko huko ulikoangukia. Lililorudi ni sanduku lenye nguo mbili, wembe, na mabuti ambayo wenzake waliyaokota ukingoni mwa mto.

Mama aliyafungia mabuti kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Hakutaka yapigwe rangi, hakutaka hata matope yafutwe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifungua kabati, akasimama hapo dakika mbili tatu akiwa amempa mumewe mgongo, akafunga. Fundi alidhani anasali.

Na Jumatatu ile sajini, alipokuwa anaaga, alisema jambo dogo la mwisho. Kambini kulikuwa na mtaalamu aliyeletwa kwa ajili ya lile kabati la vioo. Vitu vya ngozi angevifungua, avitoe soli za ndani, avipake dawa visishike ukungu. Wala msihangaike kusafisha, alisema, atafanya yeye. Angekuja kuyachukua Ijumaa.

*

Jumatano fundi aliomba mabuti. Alimwambia mkewe uzi wa puani umeachia, si vizuri kiatu cha mtoto wa fundi kwenda mbele za watu kikiwa kimefumuka. Ilikuwa kweli, uzi ulikuwa umeachia. Mama alifikiri sana, mkono ukiwa shingoni kwenye ufunguo.

"Nje tu," alisema hatimaye. "Ukishona, unarudisha. Ndani usiguse."

"Ndani nitagusa nini?"

Alisema hivyo bila kumtazama.

Kibanda chake kilikuwa kona ya barabara kuu, kati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Wateja wake wakubwa walikuwa walinzi wa makampuni, watu wanaosimama kutwa nzima na kuua visigino, na mabuti yao yalifanana na ya jeshi kama mapacha. Yalirundikana kwa jozi chini ya meza, kila jozi na alama yake ya chaki. Kwa miaka thelathini fundi hakuwahi kumpa mtu kiatu cha mwenzake. Kinyozi alikuwa akiwaambia wateja kwamba yule mzee anaweza kumsahau mkewe sokoni, lakini si kiatu cha mtu.

Alisubiri kinyozi apate kichwa cha kunyoa. Akaingiza bisibisi bapa ndani ya buti la kushoto, akaikwanyua ile soli taratibu. Iliachia kwa shida. Alipoitoa aliishika pembeni kwa ncha za vidole, hakuitazama juu, akaizungushia gazeti na kuitia kwenye droo ya misumari. Alichukua ngozi nyingine, akaikata, akaisugua kwa chai na masizi mpaka rangi ikafanana na ya zamani, akaibandika bapa kama ilivyo kwenye buti la kulia. Kazi safi. Mtaalamu wa kambi angeona mabuti mawili ya askari mmoja mwenye miguu miwili sawa.

Akashona pua, akarudisha. Mama aliyapokea, akayageuza nje, akaona kweli ni uzi tu. Yakarudi kabatini. Alhamisi alikuwa na zamu ya alfajiri, akatoka mbio bila kufungua, na Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akangoja kulifungua kabati mbele ya mgeni.

*

Ijumaa saa sita sajini alifika na gari. Majirani wawili watatu walisimama mlangoni kushuhudia, na mama alikuwa amevaa vizuri. Alifungua kabati mwenyewe, akayatoa mabuti na kuyaweka juu ya kile kitambaa cheupe. Kisha mbele ya wote, kama mtu anayeaga, aliingiza mkono ndani ya buti la kulia mpaka kwenye kifundo. Akafumba macho. Akautoa, akauingiza kwenye la kushoto.

Fundi aliona uso wa mkewe ukibadilika.

Mama aliutoa mkono, akautazama, akaurudisha tena. Alipapasa huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya mkoba.

"Hili si lake."

"Mama?" sajini alisema.

"La kulia ni lake. Hili si lake. Vidole vyake havimo." Alizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililowatisha. "Kila siku naingiza mkono humu. Vidole vyake vimo, vyote, vimejichora kwenye ngozi. Kile kidogo kilikuwa kinampanda mwenzake, na hapa kinampanda mwenzake. Ndicho kilichobaki kwa mwanangu. Sina kingine. Sasa humu hamna mtu."

Aligeuka, akamtazama mumewe, na fundi alijua kwamba sasa ameshikwa. Lakini alichokiona mkewe kilikuwa kingine.

"Umechanganya," alimwambia. "Umechanganya na mabuti ya walinzi wako. Miaka thelathini hujachanganya kiatu cha mtu, umekuja kuchanganya cha mwanao."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, na ulikuwa wazi. Fundi akapita. Alisema ndiyo, huenda, macho siku hizi hayaoni vizuri. Aliposema hivyo jirani mmoja alitikisa kichwa, na fundi akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, aibu ya kuitwa fundi mbovu. Ajabu ni kwamba ilimpa nafuu kidogo. Alidhani atakwenda kibandani peke yake, arudishe ile soli, aje na buti na kusema limepatikana.

Lakini mama alikuwa ameshavaa ndara. Alilitwaa buti la kushoto kwapani, akatoka, sajini nyuma yake, fundi nyuma ya sajini.

*

Kibandani hakukaa kigodani. Alipiga magoti chini, akayavuta mabuti yote yaliyokuwa chini ya meza, akaanza. Alichukua la kushoto la kila jozi, akaingiza mkono, akapapasa, akalitupa, akachukua jingine. Chaki zilifutika, jozi zikachanganyika. Fundi alisimama pembeni akiona utaratibu wa miaka thelathini unakuwa rundo, akashindwa hata kuinama. Kinyozi alitoka na wembe mkononi kuuliza kulikoni, akaona, akarudi ndani bila kufanya mzaha wowote.

"Nani amechukua mabuti tangu Jumatano?" mama aliuliza.

"Mama, twende nyumbani," fundi alimwambia, "mimi nitatafuta."

"Nani?"

Bahati mbaya mmoja wao alikuwa ng'ambo ya barabara, mlinzi wa duka la simu, mtu mzima mwenye kitambi na rungu, na mabuti yake yaling'aa kwa kazi ya jana. Mama alivuka barabara bila kuangalia magari. Alimwamkia kwa heshima, akamwomba avue buti la kushoto. Mlinzi alidhani ni utani. Alipouona uso ule akaegemea nguzo, akavua, akabaki amesimama kwa mguu mmoja mbele ya wateja wa duka, soksi imetoboka na dole gumba likichungulia nje. Vijana waliokuwa dukani walicheka. Mama hakuwasikia. Aliingiza mkono mpaka ndani, na fundi, aliyekuwa amemfuata, alimwona anashtuka na kuuchomoa haraka.

"Lina joto," alisema.

Akamrudishia mlinzi buti lake, akamshukuru, akamwomba radhi.

"Mwingine?" alimuuliza mumewe.

Mwingine alikuwa mlinzi wa ghala, upande wa pili wa mji. Fundi alilitaja ghala kabla hajafikiri. Sajini, maskini, kwa kutaka kusaidia, alisema gari lipo, watafika sasa hivi. Mama akaanza kuliendea gari. Na fundi aliona siku nzima ilivyokuwa mbele yao: mkewe akipita mji mzima, akipigia magoti wanaume wa watu, akiingiza mkono ndani ya viatu vyenye joto la miguu ya walio hai, na kila kiatu kikimwambia tena kwamba mwanawe hayumo. Angeendelea mpaka kesho. Angeendelea mpaka mwisho wa maisha yake.

"Mama," alisema. "Rudi. Sikuchanganya."

Alitangulia kibandani, akavuta droo ya misumari, akatoa kile kifurushi cha gazeti na kumwekea mikononi.

Mama alikifungua. Hakuangalia. Alipitisha dole gumba juu ya ngozi, na pumzi ndefu ikamtoka, akaketi pale pale juu ya rundo la mabuti. Alikaa hivyo akivigusa vile vidole kimoja kimoja. Ilimchukua muda kugundua kwamba kitu alichokishika ni kinene upande mmoja. Alikigeuza. Akaona koki, tabaka tatu zilizochongwa kwa mkono anaoujua.

"Nilidhani ni maji ya mtoni yameivimbisha," alisema polepole. "Kisigino kilikuwa juu. Nilidhani ni maji." Alipima unene ule kwa vidole vyake viwili, vile vile alivyomwonyesha sajini Jumatatu. Vilitoshana. "Hii umetengeneza wewe."

"Mimi."

"Lini?"

"Kabla hajaenda usaili. Aliniomba. Nikamfundisha na kusimama."

"Nilipokuja na maneno ya daktari, kwamba hawatamchukua, ulikuwa umekaa hapo mezani unakula."

"Nilikuwa nimekaa."

"Na mwaka mzima nawaambia watu ni Mungu. Unanisikia."

Fundi alitaka kusema kwamba alinyamaza kwa ajili yake, na labda ilikuwa hivyo, lakini mdomoni yalikuja mengine. "Nilikuogopa," alisema. "Na nilijiogopa mimi. Kila mtu aliyeniambia pole nilitaka kumwambia ni mimi niliyempeleka."

Mama alikuwa ameigeuza tena ile soli na macho yake yalikuwa yanatazama mbali, kuelekea barabarani. Fundi aliyajua yale macho. Ndivyo alivyokuwa akitazama anapohesabu mashuka. Akaona anafika pale ambapo yeye mwenyewe alifika Jumatatu uani, na hakuwa na namna ya kumzuia.

"Mtoni alikuwa peku," mama alisema.

Pale mlangoni sajini alivua kofia. Midomo yake ilicheza kidogo, kisha akakaa juu ya kizingiti akiwapa mgongo, na masikio yake makubwa yalikuwa mekundu. Sasa naye alijua kwa nini siku ile alimpita.

Mama alisimama. Alikung'uta nguo, akakivuta kile kigoda cha wateja, kigoda ambacho kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kukikalia, akakaa. Akalitua buti la kushoto juu ya meza, na ile soli juu yake.

"Irudishe kama ilivyokuwa, fundi," alisema. "Nasubiri."

Hakuwahi kumwita fundi. Watu wengine wote duniani walimwita hivyo, yeye hapana.

Fundi aliikwanyua ile ngozi yake bandia na kuitupa. Alipaka gundi, na mikono iliyochonga maelfu ya visigino ilimwaga gundi mezani kama ya mwanagenzi. Alilia bila kujificha huku akifanya kazi, na mkewe alimtazama akilia na hakumwambia nyamaza. Ila soli ilipokuwa inaingia, mama alianza kuzungumza, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamweleza fundi asiyemjua kiatu kiliharibikaje.

"Asubuhi ile anaondoka aliniomba baraka. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Moyoni nilikuwa nacheka. Nilijua jioni yuko hapa, wamemrudisha kwa ule mguu, na hatanisumbua tena na mambo ya jeshi. Ningekuwa sina hakika na ule mguu, ningemshika miguu yote miwili asitoke. Mimi nilimuaga kwa uongo. Hilo sijamwambia mtu."

Fundi alibana buti kwenye kalibu, ule mguu wa mti, akaliacha gundi ishike. Wakakaa wakilingoja, yeye upande wake wa meza, mama upande wa wateja.

*

Jumamosi kile chumba cha kambini kilijaa. Kabati la vioo lilikuwa limewashwa taa ndani, na kila kitu kilikuwa na kikadi chake. Saa ilikuwepo, filimbi ilikuwepo. Nafasi ya mabuti ilikuwa katikati, nafasi pana, na kikadi kilikwisha kuchapwa. Sajini alisimama ukutani. Hakuwa amemwambia mkuu wake lolote, na uso wake ulionyesha kwamba hakuwa amelala vizuri.

Mama aliitwa. Alikwenda mbele na mfuko, akatoa buti moja na kumkabidhi mkuu wa kambi kwa mikono miwili. Mkuu alilipokea, akaliweka, akageuka kungoja jingine. Mama alikuwa ameshaufunga mfuko.

"Na la kushoto, mama?" mkuu aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi, katika safu ya pili, alishika kiti cha mbele yake. Alijua mkewe akitaka kulisema lote, hapa ndipo mahali pake, na alikuwa tayari. Angesimama na kusema ni kweli.

"La kulia ni lenu," mama alisema. "Mguu huo aliwapa mzima, haukuwa na shida. La kushoto mtatusamehe. Hilo tulilitengeneza sisi, mimi na baba yake."

Mkuu hakuelewa, lakini alikuwa mtu mwenye busara ya kutosha kutouliza zaidi. Alipiga saluti, akafunga kioo. Ndani, buti moja lilisimama katika nafasi ya mawili.

Mama alirudi, akakaa kando ya mumewe. Majina yalianza kusomwa. Aliufungua mfuko magotini, akalitoa buti la kushoto na kulisogeza kwenye mapaja ya fundi.

"Ingiza mkono," alimwambia.

Fundi alitikisa kichwa. Tangu liliporudi hakuwahi, na ile Jumatano aliishika soli kwa pembeni.

"Ingiza, baba."

Akaingiza. Ngozi ilikuwa baridi na ngumu, na kisigino kilikuwa juu kama alivyokichonga. Akasogeza mkono mbele polepole mpaka kwenye pua ya buti, na huko akavikuta vyote vitano, kile kidogo kimempanda mwenzake.